Je, Yafaa Kusema "Twajua" Juu ya Jambo Ambalo Hapana Aliyeliona?

Katika maswali yaliyotufikia mwezi huu limo moja ambalo hatukuona vyema kulijibu kwa maneno mawili matatu chini ya ukurasa, kama tufanyavyo kwa maswali mengine. Muulizaji, ambaye ni mtu wa mji huu na mwenye kuhudhuria darasa, asema kwamba amesikia kuwa ndani ya baadhi ya mawe yaangukayo kutoka mbinguni, yale tuyaitayo vimondo, mmeonekana chembe za vumbi zilizokuwako kabla ya jua letu na kabla ya ardhi hii tuikanyagayo. Na kwamba wataalamu huzitazama chembe hizo kwa hadubini, kisha wakasema: hii imetoka katika nyota ya namna fulani, na hii imetoka katika nyota iliyopasuka. Kisha auliza: ni nani aliyekuwako akaliona hilo? Na ikiwa hapana aliyeliona, yafaa Mwislamu kusema "twajua", au yampasa kusema "wamedhani"?

Swali hili twalipenda, kwa sababu aliyeliuliza hakuuliza juu ya vimondo tu. Ameuliza juu ya ilimu yenyewe: ni kitu gani kinachomfanya mtu awe na haki ya kusema kwamba ajua. Na jibu la swali hilo litamgusa kadhi katika hukumu yake, na mwalimu katika darasa lake, na mtu wa sokoni anayeapa juu ya jambo alilosikia kwa watu.

Sisi watu wa pwani, tulisikiapo jambo kama hili, hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema: hapana aliyeshuhudia, kwa hivyo ni porojo. Na hujitolea hoja ya Suratul-Kahf, aya ya 51, ambamo Mwenyezi Mungu ametaja kwamba hakuwashuhudisha kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Kundi la pili halingoji hata msemaji amalize maneno yake; husema kwamba hayo yote yamo katika Kur'ani tangu karne kumi na nne zilizopita, na hutaja Suratu Fussilat, aya ya 11, ambamo mbingu imetajwa kuwa ilikuwa moshi. Hao wa kwanza wakataa, na hawa wa pili wakubali. Lakini ukiwatazama vizuri utawaona wote wamekimbia kazi moja, nayo ni kazi ya kuuliza: jambo hili limejulikanaje?

Basi na tuanze hapo.

Tarehe 28 Septemba 1969 kimondo kilipasuka angani juu ya mji mdogo uitwao Murchison, katika jimbo la Victoria, nchi ya Australia, na vipande vyake vikaokotwa vikapita kilo 100. Jiwe hilo ni jeusi, lenye kaboni nyingi ndani yake, na halikupata kupikwa kwa moto mkali tangu lilipofanyika. Hili la kutopikwa ndilo lenye maana kwetu. Vimondo vingi vilikuwa sehemu ya miili mikubwa iliyopata moto mwingi ndani yake, hata vitu vya asili vikachanganyika na kubadilika. Jiwe lililoanguka Thika, katika nchi yetu, mwaka 2011 ni la namna hiyo iliyopata moto, na kwa hivyo haifai kulitumai kwa khabari hizi. Kwani si kila aliyeishi zamani ni shahidi wa mambo ya zamani, mwingine amesahau.

Ama jinsi chembe zinavyotambulikana, jambo lenyewe ni hili. Kila elementi, kama vile kaboni au silikoni, ina atomu zenye tabia moja lakini zilizokhitilafiana kwa uzito, nazo huitwa isotopi. Kaboni iliyomo katika makaa ya jikoni, na katika nazi, na katika mwili wako wewe unayesoma, ukiihesabu utakuta kwa kila atomu moja iliyo nzito ziko karibu 90 zilizo nyepesi. Hesabu hiyo ni moja hapa na China, kwa tofauti ndogo mno. Kwa nini? Kwa sababu vitu vyote hivi vilitoka katika wingu moja la hewa na vumbi lililofanya jua na sayari zake zaidi kidogo ya miaka milioni 4,560 iliyopita, na wingu hilo lilikuwa limekorogeka kama uji. Sasa, katika jiwe la Murchison wakakuta chembe ambazo kwa kila kaboni nzito moja hazina nyepesi hata kumi. Na wakakuta nyingine ambazo kwa kila nzito moja ziko nyepesi zaidi ya elfu. Chembe hizo hazikupikwa katika chungu chetu. Nyota inapozeeka hutoa hewa nyingi kutoka mwilini mwake, na hewa hiyo ipoapo huganda vumbi, mfano wa masizi yanavyoganda chini ya sufuria. Na kila nyota ina upishi wake, kwa hivyo kila vumbi lina hesabu yake.

Na udogo wake ni wa kushangaza. Chembe zilizochunguzwa zaidi ni za kabidi ya silikoni, kitu kigumu ambacho watu hukitengeneza leo kwa ajili ya kunolea na kusugulia. Nyingi hazifiki hata sehemu moja ya hamsini ya unene wa unywele, na katika jiwe zima ni sehemu chache tu kwa kila milioni.

Tukirudi kwa muulizaji: ni nani aliyeona? Hapana. Lakini twamkumbusha kisa anachokijua tangu alipokuwa chuoni. Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, alipozuliwa na mke wa Azizi, hapakuwa na mtu wa tatu mle chumbani. Milango ilikuwa imefungwa. Akatoka shahidi katika jamaa za yule mwanamke mwenyewe, naye hakusema kwamba ameona. Alisema waitazame kanzu, imepasuliwa mbele au nyuma. Ilipoonekana kuwa imepasuliwa nyuma, Azizi akajua. Na wafasiri wamekhitilafiana huyo shahidi alikuwa mtoto mchanga au mtu mzima, lakini Kur'ani imemwita shahidi, hali ya kuwa aliyoyaleta ni hoja ya athari, si khabari ya jicho. Ikiwa kitambaa kilichopasuka chaweza kumtoa Nabii katika tuhuma, twawezaje kusema kwamba ilimu haipatikani ila kwa macho?

Bali liko lililo karibu zaidi na mas-ala yetu. Wamepokea Bukhari na Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliingia kwa Bibi Aisha siku moja hali amefurahi, uso wake wang'ara. Watu walikuwa wakitia shaka nasaba ya Usama bin Zaid, kwa kuwa Usama alikuwa mweusi na babake mweupe. Akapita Mujazziz wa kabila la Banu Mudlij, mtu aliyekuwa na ujuzi wa kutambua nasaba kwa viungo, akawakuta baba na mwana wamelala wamejifunika vichwa na miguu yao iko nje. Akasema kwamba miguu hii yatokana hii na hii. Mtume akafurahi kwa maneno hayo. Kwa hadithi hii Imamu wetu Shafii ameukubali ujuzi huo, uitwao kiyafa, kuwa ni hoja katika kuthibitisha nasaba panapokuwa na mzozo. Na Mahanafi hawakuukubali, nao wana dalili zao. Sisi watu wa pwani, ambao ni Mashafii toka mababu, twastahili kuwa watu wa mwisho kumwambia mtu kwamba nasaba haijulikani ila kwa aliyeshuhudia uzazi. Na mwenye kuipima chembe ya vumbi akasema hii ni mwana wa nyota fulani, hakufanya ila kiyafa: ametazama miguu.

Lakini maulamaa wetu hawakumpokea kila mwenye kudai kiyafa. Wameweka sharti kwamba awe mwadilifu, na awe amejaribiwa: huletewa mtoto ambaye nasaba yake inajulikana kwa wengine na haijulikani kwake yeye, atazamwe kama atapata, na hili hukaririwa mpaka utulie moyo. Ndipo asikizwe katika lisilojulikana. Sasa tazama wenzetu hawa wafanyavyo. Chombo chao hutupia chembe mshindo wa atomu zenye umeme, hata ikabanduka vijisehemu, na vijisehemu hivyo hupimwa uzito kimoja kimoja. Lakini kabla ya kukielekeza chombo kwenye chembe isiyojulikana, hukielekeza kwenye vitu ambavyo hesabu yake yajulikana tayari, na kikikosea hapo hakisikizwi kwingine. Twauliza: sharti hili na lile la vitabu vyetu vya fik-hi, lina tofauti gani ila jina?

Na wanazuoni wa hadithi, kama wasomaji wanavyojua, hawakutosheka na mpokezi mmoja hata akiwa mwaminifu. Walitafuta njia nyingine iletayo khabari ile ile kutoka kwa watu wengine. Hili nalo liko. Mwaka 1952 Paul Merrill, Mmarekani, aliuchunguza mwanga wa nyota za namna fulani zilizozeeka, akaona ndani yake alama ya elementi iitwayo tekineti. Elementi hii haidumu: katika miaka laki mbili na kidogo nusu ya namna moja yake hugeuka kitu kingine, kiitwacho rutheni. Kwa hivyo haiwezekani nyota iliyo na umri wa mamilioni ya miaka iwe nayo, ila iwe yaipika yenyewe, hivi sasa. Huyu alitazama juu kwa darubini. Kisha mwaka 2004 watu wengine kabisa, ambao hawakutazama juu bali walitazama chini katika chembe za Murchison, wakakuta humo rutheni ya ziada, iliyoachwa na tekineti iliyokwisha kufa. Njia mbili, moja ya mwanga na moja ya vumbi, hazikukutana njiani, na zote zimeleta khabari moja.

Ama nyota iliyopasuka, ambayo muulizaji aliitaja kwa mshangao, dalili yake ni hii. Iko titani ya namna moja ambayo kila miaka 60 hivi nusu yake hugeuka ikawa kalsiamu yenye uzito maalumu. Titani hiyo hupikwa katika mripuko wa nyota. Katika chembe chache sana za kabidi ya silikoni, kama moja katika mia, ilionekana kalsiamu hiyo kwa wingi usiokuwa wa kawaida, tena mahali palipostahili kuwa na titani. Na jambo hili lilitangazwa mwaka 1996. Maana yake ni kwamba chembe iliganda hali titani ingali hai, yaani kabla haijapita miaka mingi baada ya mripuko, ikaifungia ndani, na titani ikafia humo. Mtu akikuta ndani ya chupa iliyozibwa ganda la yai na manyoya ya kifaranga, hahitaji kuwa alikuwako ili ajue kwamba liliingia yai, wala haliingii yai lililokwisha anguliwa.

Hapa hapana budi tuseme juu ya adabu ya watu hao, kwa sababu ndiyo iliyotufanya sisi tuyakubali maneno yao zaidi kuliko vyombo vyao. Mwaka 1964 John Reynolds na Grenville Turner, katika Chuo Kikuu cha California, waliona katika kimondo kimoja hewa adimu iitwayo zenoni, ambayo hesabu yake haikufanana na zenoni ya kawaida. Haikujulikana yatoka wapi. Edward Anders wa Chuo Kikuu cha Chicago alisema kwamba imetokana na elementi nzito mno, isiyopata kuonekana na mtu, iliyokuwamo katika vimondo ikapasuka ikaisha; akaitetea kauli hiyo kwa miaka mingi na kwa hoja nyingi. Lakini kila alipoifuatia zenoni mahali ilipojificha, dalili zikazidi kwenda upande mwingine, hata yeye mwenyewe akaiacha kauli yake hadharani. Hakuacha kuitafuta zenoni. Aliendelea pamoja na Roy Lewis na wengine, wakiliyeyusha jiwe kwa asidi kali, tabaka baada ya tabaka, wakitupa kisichokuwa na ile hewa na kukibakisha kilicho nayo. Na mwaka 1987 wakafika mwisho wake wakakuta almasi ndogo ndogo mno, kila moja atomu elfu chache tu. Mwaka ule ule, pamoja na Ernst Zinner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, ikatambulikana ile kabidi ya silikoni.

Nani katika sisi asiyejua kwamba Imamu Shafii ana kauli ya kale na kauli mpya? Alisema Iraki jambo, akaenda Misri, akaona dalili, akasema jingine. Na hatukumwona kwa hilo kuwa amepungukiwa, bali ndilo lililomwongezea daraja. Mtu asiyeweza kusema "niliyosema jana nimeyaacha" hafai kuaminiwa kwa anayoyasema leo. Twasema hivi na hali twajua kwamba wako miongoni mwetu waliotoa fatwa miaka thelathini iliyopita juu ya mambo wasiyoyapima, na hata leo waona ni aibu kuzitazama upya.

Na iko aibu nyingine ambayo wale wataalamu hawakuificha, nayo ni ya ile asidi. Asidi huyeyusha kila kilicho laini na kubakisha kilicho kigumu. Kwa miaka zaidi ya kumi na mitano walikuwa na mashahidi wagumu tu: almasi, kabidi, grafaiti, na mfano wa hayo. Vumbi la nyota lililo la jamii ya udongo na mawe ya kawaida, ambalo pengine ndilo lililokuwa jingi zaidi, lilikuwa likimiminwa pamoja na asidi. Halikupata kuonekana mpaka mwaka 2003, katika vumbi lililokusanywa juu angani, na mwaka 2004 katika vimondo vyenyewe, walipopata vyombo viwezavyo kulitafuta katika jiwe bila ya kuliyeyusha jiwe. Hapa hatuna budi kusimama. Njia ya kuuliza ndiyo iliyochagua nani ajibu. Kadhi anayesikiza tu wenye sauti kubwa barazani, kisha akasema kwamba mji mzima umekubaliana, amefanya kama asidi.

Tena, chembe ikihojiwa kwa chombo tulichokitaja hupungua. Kila swali hula sehemu ya shahidi. Ndio maana vipande vya vimondo hivi huwekwa makumbushoni, na sehemu yake haiguswi, wakingojewa watu ambao hawajazaliwa bado, wenye vyombo vizuri zaidi. Hii ni amana, na wenye kuitunza kwa namna hii wana fadhila katika jambo hili, wawe ni watu wa dini gani.

Imebaki khabari ya umri. Mwaka 2020 Philipp Heck wa jumba la makumbusho la Field, mjini Chicago, pamoja na wenzake, walitangaza umri wa chembe 40 za kabidi ya silikoni kutoka Murchison. Walisaga vipande vya jiwe, na unga wake, wasema, hunuka kama njugu zilizosagwa zikaoza. Mionzi ipitayo angani hupenya vitu vigumu na kufanya ndani yake neoni ya namna maalumu; na kadiri chembe ilivyokaa wazi angani ndivyo neoni inavyozidi. Ni kama jahazi lililokaa majini bila ya kupandishwa pwani na kupakwa shahamu: fundi aliyezoea, akiyatazama magamba na mwani yaliyoshika chini yake, atakwambia limekaa muda gani, ijapokuwa hakuliona likishuka. Chembe nyingi zikaonekana ni za muda si mrefu kabla ya jua, kwa hesabu ya mambo haya. Lakini chache zilikuwa na zaidi ya miaka milioni 5,500, na iliyo kongwe kabisa ilikaribia milioni 7,000. Hakijapata kupimwa kitu kigumu mikononi mwa binadamu kilicho kikongwe kuliko hicho.

Sasa twaweza kumjibu muulizaji, na jawabu letu lina daraja, kwani ilimu nayo ina daraja. Kwamba ziko chembe ndani ya vimondo ambazo hazikufanyika katika mazingira ya jua letu, hilo kwetu ni yakini. Mwenye kulikataa yampasa aeleze hesabu ya kaboni ile, wala haitoshi kutikisa kichwa. Kwamba chembe fulani yatoka katika nyota iliyozeeka na nyingine katika nyota iliyopasuka, hilo ni lenye kukaribia yakini, kwa sababu ya wingi wa njia zake. Ama umri wa chembe moja moja, huo ni dhana yenye nguvu: yaweza kupungua na kuzidi kwa mamia ya mamilioni ya miaka, na wenyewe wamesema hivyo. Na zile almasi za mwaka 1987, zilizoanza kufungua mlango huu, mpaka leo wanabishana ni ngapi katika hizo zilizotangulia jua na ngapi zilizofanyika pamoja nalo, kwa kuwa kila moja ni ndogo mno kuhojiwa peke yake. Hapo Mwislamu aseme "yasemekana", wala asizidishe.

Na dhana iliyolaumiwa katika Kur'ani ni dhana isiyokuwa na dalili, ile ya wenye kufuata matamanio. Dhana yenye nguvu ndiyo tuitumiayo tunapoelekea kibla safarini, na ndiyo ambayo kadhi hukatia hukumu za mali na ndoa. Mwenye kuikataa katika vumbi la nyota na aikatae basi katika sala yake.

Ama ile aya ya Suratul-Kahf, tuisome pamoja na ya 20 katika Suratul-Ankabut, ambamo watu wameamrishwa watembee katika ardhi watazame jinsi Mwenyezi Mungu alivyoanza kuumba. Hapana mgongano. Kilichokanushwa ni kushuhudishwa, yaani kuwa mtu aliwekwa pale akaona, na kule aya yenyewe yawakusudia Iblisi na kizazi chake na waliowafanya kuwa mawalii. Kilichoamrishwa ni kutazama. Na lau mwanzo wa kuumba haukuacha athari yoyote katika ardhi, ni kitu gani ambacho msafiri huyo ameamrishwa akitazame?

Twalisema hili kwa ukali kidogo, na sababu yake ni kwamba tuliletewa kijana wa skuli, mtoto wa jamaa wa mtaani, aliyeambiwa na mwalimu wake wa chuo kwamba mwenye kuamini kitu kilichotangulia jua amekufuru. Kijana alikuwa amekwisha yasoma yale ya kaboni akayafahamu. Hakuja kutuuliza kama chembe ni kweli au si kweli. Alikuja kutuuliza kama yeye bado ni Mwislamu. Huyo mwalimu hatumtaji, na huenda alikusudia kheri. Lakini Ghazali, katika mwanzo wa Tahafut, alikwisha waonya watu wa namna hii, alipozungumzia kupatwa kwa jua na mwezi: kwamba anayedhani kuwa yuaitetea dini kwa kupinga jambo lililothibiti kwa hesabu, madhara yake kwa dini ni makubwa kuliko ya adui. Kijana yule tulimwambia kwamba jua ni kiumbe, na kuwa kiumbe kimoja kimetangulia kingine si jambo linalomtoa mtu katika dini.

Na wale wa kundi la pili, waliokwisha sema kwamba moshi wa Suratu Fussilat ndio vumbi hili, twawaomba wangoje. Huenda wamesibu. Lakini mwenye kuifunga aya kwa kauli ya mtu wa leo, kesho mtu huyo akiiacha kauli yake, kama Anders alivyoiacha yake, itakuwaje ile aya? Tena iko haya katika jambo hili. Mwingine amekesha miaka ishirini akiyeyusha jiwe, nasi tuliolala twaamka asubuhi kusema kwamba twalijua tangu zamani. Kama twalijua, mbona hatukuwaambia wakapunguza asidi?

Huenda pia mtu akatuuliza juu ya Hajar al-Aswad, kwani wako wanaosema kuwa ni kimondo. Hatuna dalili iliyothibiti kwa hilo, wala halikupata kupimwa kwa vyombo hivi, na heshima yake kwetu haikusimama juu ya uzito wa atomu zake.

Tumetaja Australia na Chicago, na msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya mbali. Tarehe 16 Disemba 1938 lilianguka jiwe mahali paitwapo Ivuna, upande wa kusini-magharibi wa Tanganyika ya wakati ule. Lililookotwa ni gramu 705, hazifiki ratili mbili. Lakini mawe ya jamii yake ni machache mno duniani, na ndiyo yaliyohifadhi zaidi mchanganyiko wa asili ambao jua lilifanywa kwao. Hata wataalamu wa nchi zote, wanapoitaja jamii hiyo, huiita kwa jina la Ivuna. Wajapani walipopeleka chombo kwenye kijisayari Ryugu kikarudi Disemba 2020 na gramu 5 na kidogo za mchanga wake, waliupima wakasema kwamba ni wa jamii ya Ivuna, na ndani yake mlikuwa na vumbi la nyota. Kipande cha jiwe lenyewe kimo katika makumbusho ya London. Jina la kijiji chenye watu wanaosema Kiswahili limeandikwa katika vitabu vya ilimu hii kwa lugha zote, na katika barazani zetu tulipouliza hatukumpata mtu aliyepata kulisikia.

Muulizaji ameongeza swali la pili, juu ya siku sita za kuumbwa mbingu na ardhi, na vipi huhesabiwa siku kabla ya kuwako jua. Maneno ya wafasiri juu ya hilo ni mengi na yataka nafasi yake. Inshallah tutayaleta katika toleo lijalo, na mwenye kitabu cha Fakhruddin Razi kilichokamilika twamwomba atuazime juzuu zinazohusu Suratul-Aaraf na Suratu Fussilat, kwani zetu zimeliwa na mchwa.